Kipande kimoja tu cha filamu kinanikaa kichwani, nikielezeje?

Ndugu, nimekuelewa: hadithi nzima umeisahau, lakini kipande cha dakika mbili hakikutoki, na ukiulizwa sababu unaishia kusema "kilikuwa kikali". Hata mimi hunipata.

Kwanza kitazame bila sauti, kisha fumba macho ukisikilize tu. Utajua kilichokunasa. Chukua mauaji ya bafuni katika filamu ya kutisha Psycho ya 1960. Mwongozaji wake, Hitchcock, hakutaka muziki pale. Mtunzi wa muziki, Bernard Herrmann, akatunga hata hivyo, zikaja zile fidla zinazochoma masikio. Zizime uone hofu inavyopungua. (Damu ile, kwa taarifa yako, ni sharubati ya chokoleti. Picha haina rangi, nani angejua?)

Halafu rudi nyuma kidogo, maana mara nyingi nguvu imejificha huko. Yule mwanamke anayeuawa alikuwa ameshaamua kurudisha pesa alizoiba, ndipo akaingia kuoga. Hapo ndipo panaponiuma mimi, kuliko kisu.

Ukisimulia, usimwage mwisho kwa asiyeiona.

Ila kama kipande kinakukumbusha jambo lililokupata mwenyewe na usingizi hauji, hayo si ya filamu tena. Muone mshauri nasaha.