Hesabu sentromea kwanza: meiosisi ya mbegu za kiume kwa wanaoanza

Wanaoanza somo la urithi hukwama kwenye hesabu kuliko kwenye majina magumu. Wanajua kwamba seli ya mwili wa binadamu ina kromosomu 46 na mbegu ya kiume ina 23. Mbegu hutokana na meiosisi, yaani migawanyiko miwili ya seli inayofuatana. Waulize upungufu huo ulitokea katika mgawanyiko upi, wengi watajibu wa pili. Ni wa kwanza. Asiyeliona hili mapema atakariri mchoro mzima bila kuuelewa.

Kanuni ni hii: idadi ya kromosomu ni idadi ya sentromea, yaani pale palipobanwa kama kiuno. Kromosomu ikishajinakili huwa na kromatidi 2, yaani nakala pacha, zilizoshikana hapo kiunoni, lakini bado ni kromosomu 1. Kwa hiyo kila hatua iandikie tarakimu mbili, ya kromosomu na ya kromatidi.

Kazi huanzia kwenye seli mama zilizojipanga ukutani mwa vijirija vya korodani. Hizi hugawanyika kwa mitosisi, mgawanyiko wa kawaida unaotoa seli zinazofanana. Nyingine hubaki kuwa akiba, nyingine husonga mbele, ndiyo maana uzalishaji haukomi baada ya kubalehe. Seli inayoingia kwenye meiosisi hunakili DNA yake mara moja tu na kuitwa spermatosaiti ya kwanza: kromosomu 46, kromatidi 92. Baada ya mgawanyiko wa kwanza zinapatikana seli 2, kila moja na kromosomu 23, kromatidi 46. Baada ya ule wa pili zinakuwa seli 4 ziitwazo spermatidi, kila moja na kromosomu 23 ambazo sasa hazina kromatidi pacha. Mgawanyiko wa kwanza hutenganisha wenza, yaani kromosomu mbili za jozi moja, wa pili hutenganisha pacha.

Spermatidi bado si mbegu. Ni duara na haina mkia. Haigawanyiki tena, inabana DNA yake, inaotesha mkia, inajivika kofia ya vimeng'enya kichwani na kutupa sehemu kubwa ya saitoplazimu. Tangu seli mama ianze safari hadi mbegu iachiliwe ndani ya kijirija hupita takriban siku 64 hadi 74, kisha mbegu hukomaa zaidi kwenye epididimisi, mrija uliojikunja nyuma ya korodani. Kwa sababu hiyo madhara ya homa kali yanaweza kuonekana kwenye vipimo vya manii wiki kadhaa baada ya mtu kupona.

Sasa rudi kwenye profesi ya kwanza, yaani hatua ya mwanzo ya mgawanyiko wa kwanza, maana hapo ndipo penye uzito na ndipo wengi wanapopita mbio. Kromosomu wenza, moja aliyoipata mwanamume huyo kwa baba yake na moja kwa mama yake, hutafutana, hulala ubavu kwa ubavu na kubadilishana vipande. Katika spermatosaiti moja mabadilishano hayo huwa takriban 50. Vitabu husema faida yake ni kuleta tofauti kati ya watoto, na ni kweli, lakini kuna kazi nyingine inayosahauliwa: pale yalipofanyika panabaki kiungo kiitwacho kiazma, na kiazma ndicho kinachowafunga wenza pamoja mpaka nyuzi za spindeli, zile zinazovuta kromosomu wakati seli inagawanyika, ziwavute huku na huku. Jozi isiyobadilishana chochote haina kinachoishikilia, na wenza wanaweza kuelekea upande mmoja.

X na Y, kromosomu za jinsia, ndizo zilizo hatarini zaidi. Zimetofautiana karibu urefu wote. Zinafanana kwenye ncha tu, na kipande kikuu cha kufanana kina urefu wa takriban jozi milioni 2.6 za besi, yaani herufi za DNA. Badilishano lazima lifanyike ndani ya eneo hilo dogo. Lisipofanyika, inaweza kutoka mbegu yenye X na Y pamoja, na nyingine isiyo na hata moja.

Chukua penseli nyekundu na ya buluu. Chora seli yenye jozi mbili, ndefu na fupi; nyekundu zitoke kwa baba wa mwanamume huyo, buluu kwa mama yake. Nakili kila moja. Kisha badilisha ncha, na hapa kuwa makini: badilishano moja hugusa kromatidi moja ya kila mwenza, si zote mbili. Ukibadilisha rangi ya ncha kwenye kromatidi zote nne umekosea. Mbili zinabaki kama zilivyokuwa. Halafu zipange katikati ya seli. Nyekundu ndefu inaweza kukaa upande mmoja na nyekundu fupi, au na buluu fupi, kwa uwezekano sawa. Kwa jozi 23, mipangilio hiyo peke yake inatoa michanganyiko 8,388,608 ya kromosomu kwenye mbegu, kabla hujahesabu vipande vilivyobadilishana.

Mchoro huohuo unajibu maswali ya urithi. Baba mwenye upofu wa rangi nyekundu na kijani humpa kila binti X yake yenye jeni hiyo, lakini mwana wa kiume amepewa Y, hivyo hawezi kuurithi kwake. Mwana akiwa nao, tazama upande wa mama.

Swali la makosa ya utengano lina njia yake. Jiulize nakala mbili zilizobaki pamoja ni wenza au pacha. Mbegu yenye XY imebeba wenza, kwa hiyo kosa ni la mgawanyiko wa kwanza, na ikirutubisha yai la kawaida anapatikana mtoto wa XXY. Mbegu yenye YY imebeba pacha, kwa hiyo kosa ni la mgawanyiko wa pili: seli iliyokosea hutoa mbegu moja ya YY na moja isiyo na kromosomu ya jinsia, wakati seli ile nyingine iliyogawanyika vizuri hutoa mbili za X. Kwa kromosomu nyingine huwezi kutofautisha kwa jina, basi angalia alama za DNA zilizo karibu na sentromea, mahali ambapo mabadilishano ni nadra. Rangi tofauti hapo ni kosa la kwanza, rangi moja ni la pili.

Usiuhamishie upande wa mbegu ufafanuzi wa yai. Kromosomu 21 ya ziada mara nyingi sana hutoka kwenye yai, kwa kuwa meiosisi yake huanza kabla binti hajazaliwa na kusimama kwa miaka. Meiosisi ya mbegu huanza upya kila siku. Umri wa baba huonekana kwingine: seli mama zimejinakili mara nyingi zaidi, hivyo makosa mapya ya herufi mojamoja za DNA huongezeka kwenye mbegu zake kadiri miaka inavyokwenda.