Barafu ya Aktiki hupimwaje unene, na ikiyeyuka inatuhusu nini Pemba?

SWALI: Assalaam aleikum. Nasomesha jiografia katika skuli moja ya sekondari hapa Wete. Wanafunzi wangu wa kidato cha tatu wamenibana kwa maswali mawili. La kwanza: ile meli ya Wajerumani iliyojigandisha barafuni mwaka mzima, watafiti wake walijuaje barafu ina unene gani? Na setilaiti iliyo mamia ya kilomita juu inaonaje unene wa kitu ambacho sehemu yake kubwa imezama? La pili: ikiwa barafu ile inaelea, kuyeyuka kwake kunahusiana vipi na maji ya chumvi yanayoingia kwenye mabonde yetu ya mpunga? Kama lipo jaribio la kufanya darasani bila ya maabara, naomba na hilo.

JIBU: Waaleikum salaam, Mwalimu. Meli wanayoiulizia ni Polarstern ya Taasisi ya Alfred Wegener. Iliondoka Tromsø, Norway, tarehe 20 Septemba 2019. Mapema Oktoba ikajifunga kwenye pande la barafu kaskazini ya Siberia, kwenye latitudo ya kama nyuzi 85, ikauachia mkondo uichukue. Msafara uliitwa MOSAiC, na mbinu yenyewe ni kongwe: Fridtjof Nansen wa Norway aliitumia na meli yake Fram baina ya 1893 na 1896. Mwaka haukutimia bila ya kukatika, kwa sababu mnamo Mei na Juni 2020 Polarstern ilibidi iliache pande lake kwenda kubadilisha watu. Ilirudi Bremerhaven, Ujerumani, tarehe 12 Oktoba 2020.

Tuje kwenye unene. Kipimo cha kuaminika kuliko vyote ni tundu. Unachukua keekee ndefu yenye upana wa sentimita 5, iliyotengenezwa kwa vipande vya mita moja moja vinavyoungwa kwa pini, unatoboa mpaka maji yapande. Kisha unateremsha tepu ambayo mwishoni ina kijiti cha chuma kinachojikunja. Kinapita tunduni kimesimama, kikishatoka chini kinalala mkingamo. Unavuta polepole mpaka kinase kwenye uso wa chini wa barafu, unasoma. Kwa kila tundu huandikwa namba tatu: kina cha theluji, unene wa barafu, na kimo cha barafu kilicho juu ya usawa wa maji. Hii ya tatu waishike sana wanafunzi wako, maana setilaiti nzima imesimama juu yake.

Kazi inaonekana nyepesi mpaka keekee inase. Barafu ya juu wakati wa baridi huwa na nyuzi 20 au 30 chini ya sifuri, ilhali maji ya bahari chini yake yako kwenye nyuzi 1.8 chini ya sifuri, ndiyo nyuzi yanapogandia. Keekee ikifika chini, maji hupanda tunduni na kukutana na kuta za baridi kali. Ukisimamisha mashine upumue, yanaganda na kuizingira keekee, na kuitoa hapo ni shughuli ya nusu siku. Kwa hiyo haiachwi kuzunguka mpaka itoke nje. Tepu nayo huganda, kijiti kikakataa kujikunja. Betri za mashine huwekwa ndani ya koti, karibu na mwili, kwa sababu zikipoa huishiwa nguvu mapema. Na kwenye matuta, pale mapande mawili yalipogongana yakapandana, keekee hudondoka ghafla kama inayoingia shimoni: ni uwazi wenye maji baina ya mabonge. Hiyo nayo huandikwa, kuanzia wapi mpaka wapi.

Matundu mia kwa siku ni kazi ya kuvunja mgongo, na pande lina kilomita kadhaa. Ndipo hutumika kifaa cha koili mbili, kinachokokotwa juu ya theluji kwenye kigari kisicho na magurudumu. Koili moja hutoa mawimbi ya sumaku, nayo huzusha umeme mdogo ndani ya maji ya bahari, kwa kuwa maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri na barafu karibu haipitishi. Koili ya pili husikiliza jibu. Jibu likiwa na nguvu, maji yako karibu. Likififia, yako mbali. Angalia lakini kinachopimwa ni umbali mpaka kwenye maji, yaani theluji na barafu kwa pamoja. Kina cha theluji lazima kipimwe peke yake na kutolewa. Hupimwa kwa fimbo yenye kisahani kinachoteleza: ncha inadungwa mpaka igonge barafu, kisahani kinabaki juu ya theluji, unabonyeza kitufe, unakwenda hatua mbili tatu, unadunga tena.

Juu ya barafu tambarare kifaa cha koili hukosea kwa kama sentimita 10. Kwenye matuta hukosea vibaya, kwa sababu hutoa wastani wa eneo lote lililo chini yake, na ncha ya tuta iliyozama inaweza kusomeka nusu tu ya kina chake. Chuma chochote kikiwa karibu huharibu hesabu: sepeto, pikipiki ya theluji, hata bunduki ya mlinzi anayewakinga watu na dubu. Mlinzi anatakiwa asimame kando, naye hapendi kuwa mbali na wenziwe. Kila siku kabla ya kuanza, kifaa huinuliwa kwa ngazi ya mbao, kimo baada ya kimo, juu ya barafu iliyokwisha kutobolewa na kupimwa kwa tepu. Tundu ndilo linalokisahihisha kifaa, siku zote.

Kujua barafu imeganda vipi ndani, hukatwa mche wake, kama mche wa sabuni ila ni wa duara, kwa bomba lenye meno linalotoa mche wa sentimita 9. Ukishatoka, mbio. Barafu ya bahari haikuganda yote. Chumvi hukataa kuingia kwenye fuwele, hivyo hubaki katika vijishimo vya maji makali ya chumvi, na mche ukisimamishwa wima maji hayo yanachuruzika chini na kipimo kinaharibika. Hulazwa mara moja, hutobolewa vitundu vyembamba kila sentimita 10 mpaka katikati, na joto husomwa kabla hewa ya nje haijaubadilisha. Kisha hukatwa kwa msumeno vipande vya sentimita 5 au 10, kila kimoja mfuko wake, vikayeyushwe melini na kupimwa chumvi. Maji ya bahari yana gramu kama 35 za chumvi kwa kilo. Barafu ya msimu mmoja hubaki na gramu 4 hadi 6 hivi. Iliyopitisha kiangazi hupungua zaidi, hasa sehemu ya juu, kwa kuwa maji yaliyoyeyuka huisuuza.

Watu wakiondoka, hubaki maboya yenye mnyororo wa vipima joto, kimoja kila sentimita 2, umeteremshwa tunduni kutoka hewani mpaka majini. Mara kwa mara kila kipima joto hupashwa moto kidogo kwa dakika moja au mbili. Kilicho hewani hupanda joto upesi, kilicho majini karibu hakipandi, theluji na barafu ziko kati. Kwa hivyo boya hujua mpaka wa kila kitu na hutuma habari kwa setilaiti. Mbweha na dubu hutafuna nyaya, tuta likizuka huliponda boya zima. Hakuna dawa ya hayo ila kuweka mengi.

Sasa setilaiti. Haioni unene. Inapima ule ukingo ulio juu ya maji. Fikiria dau: nahodha akiwa pwani hawezi kuona limezama kiasi gani, lakini akitazama ubao uliobaki juu ya maji anajua limebeba nini. CryoSat-2, iliyorushwa 2010, iko kilomita 700 na zaidi juu. Hupiga rada kwenye barafu na kwenye nyufa za maji zilizo kati ya mapande, na tofauti ya vimo viwili hivyo ndiyo ukingo. ICESat-2, ya 2018, hutumia leza.

Hesabu wapeni wanafunzi waifanye wenyewe. Chukua barafu yenye kilo 915 kwa mita ya ujazo na maji ya kilo 1025. Kwa kila mita ya unene, sentimita 10.7 hubaki juu. Barafu ya mita 2 basi hutokeza sentimita 21.5. Iwekee theluji ya sentimita 20 yenye kilo 300 kwa mita ya ujazo: ni mzigo wa kilo 60 kwa mita ya mraba, unaoishusha barafu kama sentimita 6, zikabaki 15.6. Ukisahau ule mzigo, utasema barafu ina mita 1.45, nawe umekosea zaidi ya nusu mita. Hata bila theluji, kosa la sentimita 1 kwenye ukingo ni kosa la zaidi ya sentimita 9 kwenye unene. Ndiyo maana mtu anatembea siku nzima na fimbo ya kudungia theluji, kazi ambayo kwa mbali inaonekana ya kitoto. Rada hutarajiwa kupenya theluji mpaka kwenye barafu na leza hurudi kutoka juu ya theluji, kwa hivyo zikilinganishwa hutoa kina cha theluji. Ila theluji ikiwa na chumvi au unyevu, rada haifiki chini. Kiangazi ni kibaya zaidi: madimbwi juu ya barafu hung'aa kwa rada kama nyufa za bahari.

Jaribio la darasani. Gandisha maji yaliyochemshwa yakapoa (viputo vinapungua) katika chombo cha plastiki cha mraba, sentimita 20 kwa 20, kimo sentimita 10. Juu patavimba katikati. Parashwe pawe sawa. Teka maji ya bahari ndoo pana, yapozeni kwanza kwa barafu ya maji hayo hayo iliyogandishwa kwenye chupa zilizofungwa, msibadilishe chumvi. Elesha bonge, pima ukingo: utapata kama milimita 10. Weka juu yake mfuko wa robo kilo ya mchanga, ukingo utashuka kwa kama milimita 6, zibaki kama 4. Mwite mwanafunzi ambaye hakuliona bonge, mpe ukingo peke yake, akokotoe unene. Atasema sentimita 4 kwa bonge la 10. Fanyeni ndani ya dakika mbili tatu, kwani kwa joto letu bonge linaanza kuliwa pembeni mara moja.

Swali la pili. Barafu inayoelea ikiyeyuka haipandishi bahari, ila kwa kiasi kidogo mno kinachotokana na maji yake kuwa matamu na mepesi kuliko ya bahari. Ni kama glasi ya ukwaju iliyojazwa mpaka mdomoni na kipande cha barafu: kitayeyuka, na meza itabaki kavu. Kinachopandisha ni barafu iliyokaa juu ya nchi kavu, ya Greenland na Antaktika pamoja na milima, na maji ya bahari yenyewe kutanuka kwa joto. Greenland peke yake, ikiyeyuka yote, ni mita 7 na zaidi. Setilaiti pacha za GRACE (2002 hadi 2017), na tangu 2018 warithi wake GRACE-FO, huipima kwa mvuto wake, na inapoteza kwa wastani kama tani bilioni 270 kwa mwaka. Tani bilioni 360 ni milimita 1 ya bahari zote.

Lipo jambo linalotugusa sisi wa karibu na ikweta. Greenland ni nzito kiasi cha kuyavuta maji ya bahari yaje kwake. Ikipungua, mvuto unalegea na maji yanaondoka: bahari inayoizunguka inashuka, na ya mbali, pamoja na yetu, inapanda zaidi kidogo ya wastani. Na ile barafu inayoelea inaingia hapa kwa mlango wa nyuma. Ikiwa na theluji hurudisha zaidi ya asilimia 80 ya mwanga wa jua. Maji matupu hurudisha chini ya 10 na kumeza uliobaki. Aktiki imepata joto karibu mara nne ya kasi ya dunia tangu 1979, na joto hilo haliko mbali na Greenland.

Kwa wastani wa dunia bahari imepanda kama sentimita 10 tangu 1993. Bamvua letu hupanda na kushuka karibu mita 4, kwa hiyo hizo 10 hazionekani kwa macho siku ya maji mafu. Zinaonekana siku ile moja ambapo maji yaliyokuwa yakiishia chini ya tuta la bonde sasa yanalivuka. Si lazima yote yawe ya bahari: mikoko iliyokatwa na tuta lisilokarabatiwa pia huchangia, na msilitie kila tone kwenye hesabu ya Aktiki.

Kipimo rasmi cha maji bandarini Unguja kina kumbukumbu tangu 1984. Mkitaka chenu, simikeni nguzo yenye alama za sentimita kandoni mwa bonde na msome kilele cha maji, mwezi mpevu na mwezi mwandamo, siku ya kwanza na ya pili baada yake, maana bamvua kubwa huchelewa. Andikeni na upepo, kwani kusi kali huweza kuyasukuma maji. Nguzo iliyosimikwa topeni huzama yenyewe, nanyi mtadhani bahari ndiyo inayopanda. Kila miezi mitatu pimeni kimo chake kwa mpira mwembamba wa maji mkilinganisha na alama iliyochongwa kwenye msingi wa jengo la mawe, daraja au msikiti wa zamani, pasipotitia.