Jaji wa uraia Kanada akikukosea heshima: sema humo humo chumbani

Wengi wanaoomba uraia wa Kanada hawaonani na jaji kabisa. Wanafanya mtihani, afisa anakagua faili, wanaitwa kula kiapo. Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2014, maombi mengi yanaamuliwa na maafisa, na jaji wa uraia amebakia hasa na faili ambazo afisa hakuridhika kwamba mwombaji alikuwepo nchini siku 1,095 ndani ya miaka 5 kabla ya kutia sahihi fomu. Kwa hiyo ukipata barua ya kuitwa kwa jaji, elewa kwamba hesabu yako ya siku imeshatiliwa shaka. Ndiyo maana maswali yanaweza kuanza yakiwa makali hata hujaketi vizuri.

Jaji huyu si yule wa kesi za jinai. Ni mteuliwa wa serikali, na sheria haimlazimu awe mwanasheria. Wapo wapole, wapo wanaohoji kama polisi.

Ukali peke yake hauangushi uamuzi. Jaji anaruhusiwa kukukatiza, kukuuliza swali lile lile mara tatu, kukuambia kwamba maelezo yako hayamwingii akilini. Anaruhusiwa hata kuwa na sura ya ndimu. Mahakama ya Shirikisho, ambayo ndiyo inayopitia maamuzi ya majaji hawa, itajali pale dharau inapogeuka upendeleo, au pale unaponyimwa nafasi ya kujibu. Kipimo chake ni cha mtu wa kawaida mwenye kuijua hali yote na kuitafakari: je, ataona kwamba mwamuzi huyu hakuwa na moyo mweupe? Mfano unaotajwa sana ni kesi ya Baker ya mwaka 1999. Mama mmoja kutoka Jamaika aliomba kubaki Kanada kwa sababu za kibinadamu, na maandishi ya afisa kwenye faili yakaonekana kushikilia wingi wa watoto wake na ugonjwa wake wa akili. Mahakama ya Juu ilisema maandishi hayo yanatosha kumfanya mtu mwenye busara ahofie upendeleo, na ombi likarudishwa likaamuliwe upya. Yule mama alikuwa na karatasi ya kuonyesha. Wewe unaweza usiwe na karatasi yoyote usipoitengeneza mwenyewe.

Hapo ndipo watu wetu wanapoumia. Tumelelewa kwamba kumjibu mkubwa ni utovu wa adabu, basi mtu anaitikia kwa kichwa, anatabasamu, anatoka nje ndipo analia garini. Sheria ya Kanada inasema kinyume chake: malalamiko ya upendeleo yatolewe mara ya kwanza unapopata nafasi. Ukinyamaza, ukasubiri uamuzi, kisha ukalalamika baada ya kukataliwa, Mahakama ya Shirikisho inaweza kusema ulikwisha kuridhia. Kunyamaza kwako, hata kama kulikuwa kwa heshima, kunasomeka kama kukubali.

Kwa hiyo sema, ila kwa maneno machache na sauti ya kawaida. Mwite “Judge” na jina lake la ukoo, inatosha. Akikuuliza kuhusu dini yako, kabila lako, au kwa nini una watoto sita, jibu kwa mtindo huu: “Judge, naomba iandikwe kwamba swali hili halihusiani na siku nilizokuwepo nchini. Kuhusu siku niko tayari kujibu.” Halafu rudi kwenye siku papo hapo, usingoje mabishano. Akikukejeli kwamba ukishapata pasipoti utarudi kwenu, mkumbushe kwa upole kwamba sharti la kukusudia kuishi Kanada liliondolewa kwenye sheria mwaka 2017. Akikataa kupokea karatasi, zitaje kwa majina na miezi: “Ninazo hapa taarifa za benki za Machi hadi Juni 2023. Naomba iandikwe kwamba hazikupokelewa.” Sentensi hizi zifanyie mazoezi kwa sauti, kwa Kiingereza au Kifaransa utakachotumia siku hiyo. Mtu akishapandwa na hasira, lugha ya pili ndiyo inayokimbia kwanza.

Kama kuna swali moja la kukariri, ni hili: “Ni safari ipi, au ni kipindi kipi, ambacho hakijathibitika?” Jaji anayesema tu “sikuamini” hajakupa cha kujibu. Akitaja kipindi, umepata cha kushika, na hapo hapo omba siku 14 za kuleta ushahidi wa kipindi hicho. Ni ombi la kawaida. Akikataa kutaja, kukataa kwake ni hoja nzito kuliko tusi lolote, kwa sababu haki ya kuambiwa shaka iliyopo na kuijibu ndiyo msingi wa usikilizwaji.

Usisimame ukaondoka. Ukitoka katikati, jaji ataamua kwa karatasi alizonazo, na usipotokea kabisa bila sababu ya msingi ombi linaweza kuhesabiwa limetelekezwa. Wala usirekodi kwa siri kwenye simu. Mwanzoni kabisa uliza kama kikao kinarekodiwa. Jibu likiwa hapana, omba ruhusa ya kuandika, toa daftari na uanze.

Nenda na mtu, lakini chagua vizuri. Wakili au mshauri mwenye leseni anaingia kwa fomu ya uwakilishi, ile IMM 5476. Tatizo ni kwamba kanuni za Mahakama ya Shirikisho hazimruhusu wakili kula kiapo kama shahidi na hapo hapo kutetea hoja katika kesi ile ile, isipokuwa kwa idhini ya mahakama. Kwa hiyo kama utakuwa na wakili, omba kwa maandishi mapema mtu wa pili aruhusiwe kuketi nawe: mwenzi, dada, mzee wa jumuiya. Huyo ndiye atakayeweza kuapa kwamba alisikia. Mkalimani naye aombwe mapema, si mlangoni.

Ukitoka, usiende nyumbani kwanza. Keti mahali, andika. Saa ya kuanza na ya kumaliza (kwa saa ya Kanada, tafadhali, maana saa nne yetu ni saa kumi yao), chumba, waliokuwepo, na maneno yenyewe kwa lugha aliyoyasemea. “Alinidharau” haimsaidii mtu yeyote. “Alipoona tarehe ya kuzaliwa ya 1 Januari alicheka, akasema nyote mmezaliwa siku moja” inaonyesha jambo. Kutokana na daftari hilo andika barua ya ukurasa mmoja, yenye namba ya ombi na namba yako ya mteja, ukieleza kilichosemwa, ulichojibu, na unachoomba: barua iwekwe kwenye faili, na kama jambo ni zito, ombi lipelekwe kwa jaji mwingine. Itume siku hiyo hiyo au kesho yake kwa njia iliyoandikwa kwenye barua ya wito, na utunze uthibitisho wa kutuma. Umuhimu wote uko kwenye tarehe: barua iliyotangulia uamuzi ina uzito ambao iliyoufuata haina. Kwa kawaida jaji mwenyewe ndiye anayeamua kwanza kama ajitoe, na huenda akakataa. Haidhuru, faili imeshabeba pingamizi lako.

Kejeli nyingi, lakini, zinaanzia kwenye karatasi zisizoeleweka, na hapo unaweza kumnyima jaji nafasi. Chukua safari ya kawaida: umeondoka Toronto jioni ya tarehe 14 Desemba, ukabadilisha ndege Ulaya, muhuri wa Nairobi ukagongwa tarehe 16 kwa sababu mlitua usiku wa manane, ukarudi Toronto tarehe 20 Januari. Siku ya kuondoka na siku ya kurudi zote zinahesabiwa kuwa za Kanada, kwa hivyo hukuwepo siku 36, yaani 15 Desemba hadi 19 Januari. Jaji anayetazama muhuri wa tarehe 16 kando ya fomu inayosema 14 ataona “siku mbili zilizopotea”, na maswali yanaanza kunuka shutuma. Tengeneza jedwali: safari kwa safari, tarehe ya kutoka, muhuri wa kuingia huko, muhuri wa kutoka huko, tarehe ya kurudi, na namba ya ukurasa wa pasipoti. Bandika tiketi pembeni. Muhuri uliofifia uandikie kwamba umefifia kabla hajakuuliza.

Siku ambazo uliishi Kanada kabla ya kupata ukaazi wa kudumu, ukiwa na kibali cha muda au ulinzi wa mkimbizi, zinahesabiwa nusu nusu na haziwezi kuzidi 365. Wengi huzihesabu nzima, kisha wanaonekana waongo. Ukigundua kosa la namna hiyo, lisahihishe wewe kwa barua kabla ya kikao, kwa sababu udanganyifu ukithibitika unakufungia mlango wa kuomba kwa miaka 5. Waliosajiliwa kwenye kambi za wakimbizi wakaandikiwa kuzaliwa 1 Januari waseme hivyo kwa sentensi moja: tarehe hiyo iliandikwa wakati wa kuandikishwa, na ndiyo iliyoko kwenye hati zangu zote. Omba pia kumbukumbu za mpakani na maandishi ya faili yako kupitia sheria ya faragha. Ni bure, na muda wa kisheria wa kujibiwa ni siku 30, ingawa mara nyingi huchelewa.

Uamuzi ukija ni “hapana”, hesabu siku 30 tangu ulipoarifiwa. Ndani ya hizo uwe umewasilisha Mahakama ya Shirikisho ombi la kibali cha mapitio, yaani ruhusa ya kuufanya uamuzi huo ukaguliwe na mahakama. Kibali kikinyimwa, hakuna rufaa. Malalamiko kwa wakubwa wa jaji kuhusu mwenendo wake ni jambo jingine kabisa: hayabadilishi uamuzi wala hayasimamishi hizo siku 30, na kuna watu wanaopoteza haki yao wakisubiri jibu la barua ya malalamiko. Mpelekee wakili sababu za maandishi za jaji kabla ya kumsimulia matusi. Tangu kesi ya Vavilov ya mwaka 2019, ambayo yenyewe ilihusu uraia, mahakama inauliza kama sababu zilizoandikwa zinashikana na ushahidi uliokuwepo. Jaji aliyekudharau mara nyingi ndiye aliyeandika aya mbili na kuruka risiti zako zote, na hoja ya risiti zilizorukwa ni rahisi kushinda kuliko hoja ya sauti aliyoitumia.

Ukishinda hupewi uraia. Faili inarudishwa kwa jaji mwingine, unaanza kusikilizwa upya.

Kwa hiyo kabla ya kulipa wakili, piga hesabu nyingine. Miaka 5 inahesabiwa kurudi nyuma kuanzia siku unayotia sahihi fomu, na hakuna muda wa kusubiri baada ya kukataliwa kwa upungufu wa siku. Kama safari zenye utata zimeshatoka nje ya miaka hiyo, na una siku 1,095 pamoja na akiba ya wiki kadhaa ambazo hakuna anayeweza kuzibishia, ombi jipya linaweza kufika kabla ya kesi. Ada ya mtu mzima inazidi dola 600 za Kanada. Ombi likikataliwa, unarudishiwa tu ile sehemu ndogo ya ada hiyo inayoitwa ada ya haki ya uraia.