Mwanangu Neema, kuhusu kuhamahama kazi

Mwanangu Neema,

Ujumbe wako nimeusoma. Unauliza kama ukiacha benki sasa hivi, na miaka yako 36 na watoto wawili, ukasomee wadudu pale SUA, chuo kikuu cha kilimo Morogoro, watu watakuonaje: ualimu, bima, benki, sasa nyuki. Ukanitumia na habari za yule mama wa Marekani, Adele Fielde, eti nisome kwanza ndipo nijibu.

Nimesoma. Kazaliwa 1839, akawa mwalimu. Mwaka 1865 anavuka bahari kwenda kuolewa na mmisionari aliyeko Siam, Thailand ya leo, na hata hawajaonana anaambiwa mchumba kashafariki. Akakaza roho, akafanya umisheni hukohuko, kisha Swatow kule Uchina: akafundisha wanawake kusoma, akatunga na kamusi ya lahaja ya pale, ikatoka 1883. Aliporudi kwao, New York, akawa anawafundisha wanawake siasa na kudai kura. Sisimizi kaja kuanza kuwachunguza ana miaka kama 60! Akawafuga kwenye vijumba vya kioo alivyobuni mwenyewe. Aliona kwamba ukichukua sisimizi wa jamii tofauti ndio kwanza wameanguliwa, ukawaweka pamoja, wanazoeana harufu na kukaa kwa amani. Ukiwakutanisha ukubwani, wanatafunana. Hapo nilicheka peke yangu jikoni.

Sasa watu. Mwaka ule Mkapa anaingia, hujaanza shule, niliitwa kwenye usaili mjini, kazi ya bohari. Ofisi siitaji. Mwenyekiti akafungua faili langu, akaanza kuhesabu kwa vidole: ualimu, upigaji chapa, vitenge Kariakoo. Akafunika kalamu yake, taratibu, ikalia tik. "Mama, kwani wewe ni nani hasa?" Wenzake wakacheka. Yule wa pembeni alikuwa na mandazi mdomoni, akacheka hivyohivyo.

Jibu nilikuwa nalo, Neema. Kariakoo nilijifunza kuhesabu mali mara mbili kabla sijasaini. Kwenye taipureta nilisoma mwandiko wa kila bosi, hata ule wa daktari. Ni nini tena bohari inataka? Lakini nilisema "asante" nikatoka, na jibu lote nikalimalizia kwenye daladala la Tandika, kimoyomoyo. Mpaka leo nikipita mtaa ule naliendeleza.

Nimewaambia siku zote, wewe na kaka yako: kazi uliyoijua haikuachi, inahama na wewe. Huyo Fielde asingekuwa na subira ya kuokota maneno ya Kichina moja moja, angekaa vipi na sisimizi kutwa nzima?

Lakini ngoja. Yule hakuwa na ada ya shule ya kulipa Januari. Wala mkopo wa benki hiyohiyo unayotaka kuikimbia. Hilo nalo lipo, tusijidanganye. Ila mimi ada nilikuwa nayo, yako, na vitenge viliilipa. Haya, lakini enzi zile ada ilikuwa ada kweli?

Kwa hiyo usiniulize uache au usiache. Baba yako kanikataza nisiseme, na safari hii namsikiliza, kwa shida. Muhula unaanza lini? Wanao wanaweza kukaa kwangu, chumba cha nyuma nimeshakipiga rangi. Nilikuwa nakipaka tu, hata bila sababu.

Mama yako