Simu ya betri ya kuchomoa? Uliza kwanza betri ya pili utaipata wapi

Watu wakijua unapenda mambo ya simu, hawaishi kukuomba ushauri. Swali ninaloulizwa sana na watu wa rika langu ni hili: "Hiyo simu betri yake inachomoka?" Nawaelewa. Tumekulia kwenye Nokia na betri yake ya BL-5C, yenye 1020 mAh tu (mAh ni kipimo cha chaji inayobebwa na betri), ambayo ilikuwa ikiingia kwenye aina chungu nzima za simu na kuuzwa mpaka kwenye vibanda vya vocha. Ya kwako ikiisha unaazima ya jirani, unapiga simu yako, unamrudishia.

Siku hizi jibu langu ni fupi: kwa wengi wetu haina haja tena. Betri za kuchomoa tulizipendea chaji ya akiba, na hilo limeshapata ufumbuzi. Galaxy S5 ya Samsung ya mwaka 2014, ambayo ndiyo simu ya mwisho ya kundi la Galaxy S kuja na betri ya kuchomoa, ilikuwa na 2,800 mAh. Leo simu ya bei ya kawaida tu inakuja na 5,000 mAh. Umeme ukikatika kuna pawabenki, ila usidanganyike na namba iliyoandikwa juu yake: ya 10,000 mAh haijazi simu ya 5,000 mAh mara mbili. Namba hiyo imehesabiwa kwa volti 3.7 za seli zilizo ndani; umeme hupandishwa hadi volti 5 ili utoke, kisha simu huushusha tena, na kila hatua sehemu yake hupotelea kwenye joto.

Linalobaki ni uzee, na hapo ndipo swali la kuchomoa lina maana. Betri ya lithiamu inachoka tu, utake usitake. Apple wenyewe wanasema betri za iPhone 14 na za kabla yake zimetengenezwa zibaki na asilimia 80 ya uwezo baada ya mizunguko 500 ya chaji. Kuanzia iPhone 15 wanasema mizunguko 1,000. Mtu anayemaliza chaji nzima kila siku anafika 500 katika mwaka mmoja na nusu hivi. Joto ndilo linaloharakisha: simu iliyoachwa kwenye dashibodi ya gari juani, inayochajiwa chini ya mto, au ya kijana anayecheza gemu huku waya umechomekwa.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, mimi hupitia kwanza kwa mafundi. Nawatajia jina kamili la toleo na kuuliza betri yake wanayo na ni shilingi ngapi. Fundi akijibu papo hapo bila kwenda kuuliza kwa jirani, simu hiyo ina maisha mbele yake. Akianza kukuna kichwa, hata kama inachomoka kwa kucha, utakuwa na mfuniko unaofunguka na betri ya kuweka ndani hakuna. Nimewaona wenye simu nzuri za zamani za kuchomoa wakihangaika hivyo hivyo: kiwanda kiliacha kutengeneza betri zake, na zilizobaki madukani ni feki, au ni orijino zilizokaa kwenye boksi miaka mingi zikichakaa bila kutumika. Za feki mara nyingi huandikwa namba kubwa kuliko za kiwanda. Ukikuta betri ya umbo lile lile la BL-5C imeandikwa 3,000 mAh, irudishe mezani.

Ukifika kwa fundi, angalia mikono yake. Betri za ndani ni laini, zimefungwa kwa karatasi nyembamba tu ya aluminiamu na kugandishwa kwa gundi. Fundi mzuri huzima simu, hupasha mfuniko joto taratibu, kisha huvuta utepe wa betri kama upo au hutumia kadi ya plastiki. Akichukua bisibisi na kuanza kuikwangua betri, mwombe simu yako kwa heshima, ondoka. Ikitoboka inaweza kulipuka moto hapo mezani. Na simu iliyofunguliwa usiichukulie tena kuwa haipitishi maji, maana mpira au gundi ya pembeni imeshaachia.

Hilo la maji ndilo kampuni nyingi hulitaja zinapotetea kufunga betri. Haliniingii sana akilini. S5 hiyo hiyo ilikuwa na kiwango cha IP67 (alama ya kuzuia vumbi na maji) huku mfuniko wake ukifunguliwa kwa kidole, na Galaxy XCover6 Pro ya mwaka 2022 ina IP68 na betri ya kuchomoa ya 4,050 mAh. Inawezekana, ila simu inakuwa nene, na wanunuzi wengi wanataka nyembamba yenye kioo mgongoni.

Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria mwaka 2023 inayotaka, kuanzia Februari 2027, betri za vifaa vya kubeba ziweze kutolewa na mwenye kifaa. Usitarajie BL-5C kurudi. Kanuni ya huko kuhusu simu, iliyoanza kutumika Juni 2025, inaruhusu kazi hiyo ifanywe na fundi, mradi betri ibaki na asilimia 80 baada ya mizunguko 1,000 na simu izuie vumbi na maji.

Nani basi bado namshauri achukue ya kuchomoa? Anayefanya kazi mbali na umeme kwa siku nyingi, na yeyote anayetaka simu ya pili ya kupigia tu. Huyo wa pili achukue kitochi, ayamalize.

Kama betri yako imeanza kuvimba, usisubiri. Zamani tulikuwa tunaiweka mezani na kuizungusha. Ikizunguka kama pia, imevimba. Kwenye simu zilizofungwa utaona kioo kinanyanyuka au mgongo unaachia pembeni. Acha kuichaji siku hiyo hiyo, usiikandamize irudi, wala usiitoboe kutoa hewa. Ipeleke kwa fundi, na betri ya zamani isiingie kwenye taka mnazochoma nyuma ya nyumba.