Maswali yenu: kansa inatembeaje mwilini?

Maswali ya kansa kusambaa yamekuwa mengi, nimechukua manne.

Seli haina miguu, sasa inatokaje kwenye titi mpaka kwenye mfupa?

Hapa nitakaa kidogo maana ndo penyewe. Ndani ya seli kuna protini inaitwa aktini, inajiunga punje kwa punje inakuwa uzi, na uzi ukirefuka kwa mbele unasukuma utando wa seli utoke nje kama ulimi. Huo ulimi unashika chini kwa protini zingine zinaitwa integrini, alafu huku nyuma miosini inavuta (ndugu wa ile inayokaza misuli yako), mkia unaachia, seli imeshasogea. Inarudia hivyo hivyo. Ila kusogea tu haitoshi, kabla ya kutoka kwenye titi kuna kiukuta chembamba chenye kolajeni kinazuia, na seli ya kansa ikikifikia inachomoza vijiti vidogo vya aktini ambavyo kwenye ncha vinatoa vimeng'enya vya kukata, inatoboa inapita. Kazi kubwa ni kupitisha kiini maana ndo kitu kigumu kuliko vyote humo ndani. Ikishaingia kwenye mshipa wa damu haitembei tena, inasombwa tu, na nyingi zinafia hukohuko.

Kwa hiyo hizo protini ndo zinaleta kansa? Zinaweza kutolewa?

Hapana jamani, ukitolewa hizo umekwisha. Ukijikata kidole, seli za ngozi zinasogea kuziba kidonda kwa aktini hiyohiyo, na chembe nyeupe zinakimbilia vijidudu kwa aktini hiyohiyo. Kuna watoto wanazaliwa na hitilafu kwenye protini moja tu inayoiamrisha aktini kwenye seli za damu, ugonjwa unaitwa Wiskott-Aldrich, wanatokwa damu ovyo na maambukizi hayawaachi. Kwenye kansa mitambo ni ileile ya kawaida, shida ni swichi zake, protini zinazoitwa Rho na Rac, zinawashwa bila utaratibu.

Ripoti ya mama imeandikwa kansa ya titi aina ya lobula, E-kadherini haipo. Ndo imeshasambaa?

Pole na mama. Hapana, hiyo haisemi imefika wapi, inasema ni ya aina gani (lobula ni vile vitezi vya titi vinavyotengeneza maziwa). E-kadherini ndo inayoshikanisha seli na jirani yake, na kansa ya lobula mara nyingi imeipoteza, ndo maana kwenye darubini utakuta seli zimejipanga mstari mmojammoja badala ya kurundikana, na ndo maana nyingine hazifanyi bonge la kushikika. Imefika wapi utaambiwa na vipimo vya mitoki na picha. Ila kama kwenu kuna watu waliougua kansa ya tumbo, mwambieni dokta, maana jeni ya E-kadherini ikiharibika kwa kurithi inaweza kuleta zote mbili, ya tumbo ndo ilijulikana kwanza, 1998 kwenye ukoo wa Wamaori huko New Zealand.

Kwa nini wasitengeneze dawa ya kuzizuia zisitembee?

Walijaribu sana. Miaka ya 1990 kulikuwa na dawa za kuzima vile vimeng'enya vya kukata, mojawapo marimastat, wagonjwa wakaanza kulalamika viungo vinauma na kukakamaa na majaribio mengi hayakuonyesha watu wanaishi zaidi. Kwa maoni yangu walichelewa mlangoni, wengi wa wale wagonjwa kansa ilishasambaa kabla hawajameza kidonge cha kwanza. Alafu seli zenyewe ni janja, ukizizuia kukata ukuta nyingine zinabadili mwendo, zinajiviringa na kujibana kupita kwenye vinafasi vilivyopo. Na aktini yenyewe nani ataizima, moyo nao unadunda kwa aktini! Siku hizi wengi wanatafuta namna ya kuziua zile zilizoshafika ugenini zikajificha kimya kabla hazijaanza kukua.