Maswali ya Wasomaji: Mistari 40, Kisha 42

SWALI: Ndugu Mhariri, Biblia ya Gutenberg hutajwa kuwa ya mistari 42. Mbona katika picha za nakala mbili nimehesabu mistari 40 ukurasa wa kwanza wa moja, na 42 wa nyingine? Ipi ni bandia?

JIBU: Hakuna bandia. Kazi ya Johann Gutenberg ya kuchapa Biblia kwa herufi za chuma zinazopangwa moja moja ilipoanza mjini Mainz, Ujerumani, miaka ya mwanzo ya 1450, kurasa 9 za kwanza zilipangwa mistari 40 kwa kila safu. Ukurasa wa 10 ukawa na 41, kisha 42 katika karibu kurasa zote zilizobaki. Chukua rula upime: kimo cha safu ni kilekile, mistari ndiyo iliyobanwa. Katika kitabu cha kurasa karibu 1,280, kubana huko kuliokoa kurasa kama 60 kwa kila nakala, na karatasi ilikuwa ghali.

Baadaye iliamuliwa nakala ziongezwe. Lakini herufi za kurasa za mwanzo zilikwisha kutenganishwa na kurudishwa visandukuni, ikabidi zipangwe upya, safari hii kwa mistari 42. Nakala yako ya pili ina karatasi za mpango huo.

Angalia pia kichwa chekundu kilicho juu. Kwenye ile ya mistari 40 kimechapwa. Kwenye nyingine kimeandikwa kwa mkono. Kuchapa wekundu kulimaanisha karatasi ipite mtamboni mara mbili na kutua palepale. Ikiteleza kidogo tu, nyekundu inapanda juu ya nyeusi. Wakaacha nafasi wazi, mwandishi wa kalamu ajaze.

Ule weusi unaong'aa hadi leo unatokana na wino wa mafuta wenye shaba na risasi nyingi. Wino wa maji, unaofaa kalamu, hujikusanya matone juu ya herufi za chuma. Karatasi nayo hulowanishwa kabla: ikiwa kavu haipokei wino sawasawa, ikilowa mno maandishi yanatota.

SWALI: Ni kweli Gutenberg alifilisika akafa maskini?

JIBU: Nusu kweli. Johann Fust, tajiri wa Mainz, alimkopesha gulden (sarafu za dhahabu) 800 mwaka 1450, na 800 nyingine mwaka 1452. Mwaka 1455 akamshtaki, akidai 2,026 pamoja na riba, na Gutenberg akashindwa. Fust akaendelea na Peter Schöffer, aliyekuwa mfanyakazi wa Gutenberg, na mwaka 1457 wakatoa Zaburi zenye herufi kubwa zilizochapwa kwa nyekundu na buluu. Yaani rangi iliyomshinda Gutenberg, wao waliiweza.

Oktoba 1462 jeshi la Adolf von Nassau, aliyegombea kiti cha askofu mkuu na Diether von Isenburg, liliuteka mji wa Mainz, na wachapaji wengi wakatawanyika. Ajabu ni kwamba Adolf huyohuyo, mwaka 1465, alimpa Gutenberg posho ya kila mwaka: mavazi, malter 20 za nafaka na fuder 2 za mvinyo (vipimo vya kale vya Kijerumani), kwa sharti kwamba ni vya nyumbani kwake, asiviuze. Gutenberg alifariki mwaka 1468.